Sinema ya Mabashi Meupe

Mwezi wa saba uliopita nilirudi Kamina, mji niliokulia, kwa ndoa ya mpwa wangu. Siku iliyofuata sherehe watu wa nyumba walikuwa wamechoka, vyombo vimerundikana uani, na vijana wakaunganisha simu na televisheni ili tupitishe wakati. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mboga za lengalenga. Kwanza nilisikia magurudumu ya mbao yakilia. Nilipoinua macho nikaona msururu wa mikokoteni iliyofunikwa turubai nyeupe, ikikokotwa na ng'ombe na farasi katika nchi kavu isiyo na mti, na watoto wakitembea pembeni ndani ya vumbi. Nikaitambua filamu ile papo hapo.

Kijana mmoja alikuwa anasoma kwa sauti yale ambayo watu wameandika juu ya filamu hiyo. Wengine walisema haijatengenezwa nyingine nzuri kama ile. Wengine walisema ni ndefu, inachosha, na inawatukana wenyeji wa nchi ile. Walikuwa wakirushiana maneno makali, watu ambao hawajaonana hata siku moja. Kijana akacheka, akaniuliza mimi niko upande gani. Nikamwambia kwamba hapa Kamina tuliigombania kabla yeye hajazaliwa, na tuliogombana tulikuwa tukichota maji kwenye bomba moja.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Ukumbi wa parokia ulikuwa nyuma ya kanisa, una paa la bati na madirisha marefu. Siku ya Jumapili, baada ya misa ya pili, watu walikwenda nyumbani kula bukari, ugali wetu, kisha alasiri tukarudi. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Jenereta iliwekwa nje, na ngurumo yake ilikuwa sehemu ya kila filamu. Mpaka leo nikisikia jenereta ikiwashwa huwa nangoja picha. Televisheni ilikuwa moja tu, imepandishwa juu ya meza mbili. Mlangoni wamama waliuza mikate ya kukaanga na karanga. Ndani mlinuka mafuta, jasho na samaki wa moshi, kwa sababu wachuuzi waliotoka Bukama na Kinkondja hawakuwa na mahali pa kuacha vikapu vyao, wakaingia navyo.

Kaseti za video zilikuwa chache, na iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ile ya mikokoteni. Turubai kwetu huitwa bashi, basi tukaiita sinema ya mabashi. Kiangazi kimoja kizima, nikiwa mtoto, ilipigwa karibu kila Jumapili. Ilisimulia jamaa waliouacha mji wao wakaenda mbali kutafuta ardhi. Wanavuka mto, wanakosa maji, wanamzika mtoto kando ya njia, wanashambuliwa na wapanda farasi wenye manyoya kichwani, na mwishoni wanafika kwenye bonde la majani mabichi. Basi, hapo inakwisha.

Filamu ilizungumza Kifaransa, kwa hiyo mwalimu wangu wa darasa la tano alisimama kando ya televisheni na fimbo yake ya ubaoni akitutafsiria. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za wiki, na hakuvumilia kimya. Watu wa kwenye filamu wakinyamaza, yeye anawaongezea. Mzee mwenye ndevu akiutazama mlima bila neno, mwalimu anasema, "Anamuwaza mke wake." Ukumbi unacheka, na Jumapili inayofuata tunacheka tena mahali palepale.

Nililelewa na bibi yangu mzaa mama, tuliyemwita nkambo, kama Waluba wanavyowaita wazee wao. Alizaliwa upande wa Kabondo-Dianda. Alipokuwa msichana mdogo, enzi za Wabelgiji, kijiji chao kiliambiwa kihame kipishe shamba la mzungu, naye akatembea siku nzima na kinu cha mama yake kichwani. Kinu hicho bado tulikuwa nacho. Alikuwa anasikia kwa shida, na kama wenzake wa namna hiyo, alisema kwa sauti kubwa hata alipodhani ananong'ona.

Jirani yetu alikuwa mwanamke wa watu wa Kasai. Alizaliwa na kuolewa kusini, kwenye mji wa migodi, akaishi huko mpaka mwaka ule watu wa asili yake walipoambiwa si wa huko, waondoke. Yeye na mume wake walipanda treni na masufuria, godoro na mtoto wao mmoja mchanga. Treni ikasimama Kamina kwa muda mrefu. Watu wakalala kituoni chini ya mabashi, wakinywa maji waliyoyapata. Mtoto akaharisha, akafa, wakamzika hapa. Treni ilipopata njia, mume akapanda. Jirani akakataa. Alisema hawezi kumwacha mtoto peke yake katika mji asimomjua mtu. Mume aliahidi kurudi kumfuata, kisha akatuma watu kumwita, kisha kukawa kimya.

Alikodi chumba cha nyumba iliyopakana na yetu, akaanza kukaanga mikate. Alitwanga sombe, majani ya mhogo, kwenye kinu cha nkambo. Sisi tulichukua moto kwenye mbabula yake, jiko la makaa, asubuhi. Walipotwanga pamoja, michi miwili katika kinu kimoja, ungeweza kusikia kutoka barabarani kwamba hawa wawili wamezoeana. Hakuna mchi uliogonga mwenzake. Alimwita nkambo Mama, naye akaitika.

Sasa, juu ya filamu, ukumbi uligawanyika. Mwanzoni ilikuwa mzaha. Waliokaa kushoto walikuwa wa mabashi, waliokaa kulia wa manyoya, na mtu akichelewa akakosa nafasi upande wake alisimama ukutani kuliko kukaa na wale wengine. Mke wa askari, aliyekuja kwa baisikeli kutoka kwenye kambi ya jeshi, hakuwa wa upande wowote. Yeye alilaumu tu kwamba kiongozi wa msafara hajui kazi, anaweka wanawake mbele na bunduki nyuma. Wafanyakazi wa reli waliwapenda watu wa mabashi kwa sababu waliyajua magurudumu. Nkambo alikuwa wa manyoya tangu siku ya kwanza.

"Bale benye inchi beko wapi?" aliuliza. "Banatuonyesha tu vumbi na kelele. Hata majina yabo hatuambiwe."

Mwalimu alikiri kwamba hayasemwi.

Jirani hakukaa upande wowote. Alisimama mlangoni na beseni lake la mikate. Lakini sote tulijua yuko wapi, kwa sababu mtoto alipozikwa kwenye filamu alikuwa akigeuza uso, na mkokoteni ulipoondoka na mama wa mtoto yule akitazama nyuma, jirani aligeuka tena kutazama.

Jumapili moja ilipofika sehemu hiyo, mwalimu alinyamaza, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake. Katika kimya kile nkambo akasema, akidhani ananong'ona, "Nani alibaita? Bangebakia kwabo, ule mutoto hangekufa."

Wengine wa kulia wakacheka. Jirani akafunika beseni kwa kitambaa, akatoka.

Jioni, kabla jua halijazama, alikuja kwenye uzio. Nkambo alikuwa anapepeta unga.

"Mama, ile maneno ulisema juu ya nani?"

"Juu ya bale ba mu sinema."

"Minyi pia nilikuwa chini ya bashi."

"Minajua."

"Unasema bangebakia kwabo. Kwetu kulikuwa wapi? Nilizaliwa kule kule banatufukuza."

Nkambo aliweka ungo chini. Nadhani alitaka kusema jambo jingine, lakini alikuwa mtu asiyeacha swali lake. "Na bale ba manyoya, mwana wangu? Kwabo kuko wapi?"

Jirani akamtazama, akarudi kwake. Siku zilizofuata alinunua sombe iliyokwisha kutwangwa sokoni. Sisi tuliwasha moto wetu wenyewe kwa majani makavu, macho yakituwasha kwa moshi. Nkambo alitwanga peke yake, na mchi mmoja una sauti ya upweke sana.

Huenda ingepoa yenyewe, kama maneno yale yasingetoka nje ya ukumbi. Vijana fulani wa mtaa waliyaokota. Wakaanza kupita mbele ya nyumba ya jirani wakisema kwa pamoja, "Nani alibaita?" Halafu wakaongeza neno la miaka ile mibaya, bakuyakuya, watu wa kuja. Kwao ulikuwa mchezo. Lakini jirani alishawahi kuusikia mchezo huo kusini, na alijua unavyoendelea. Hakutoka tena kuuza. Asubuhi moja nilichungulia uzioni nikamwona amelitandaza bashi lake uani, lile la kituoni, lenye viraka, na katikati yake ameweka masufuria na godoro lililokunjwa.

Nikamwambia nkambo. Alivaa kikwembe chake cha kanisani, akachukua jembe, akaniambia nibebe maji. Tukaingia kwa jirani bila kubisha.

"Twende," nkambo akasema.

"Wapi?"

"Kwa mutoto."

Makaburi yalikuwa ng'ambo ya reli. Jirani alitangulia kwa sababu sisi hatukupajua. Kilikuwa kituta kidogo chenye mawe pembezoni na mhogo wa mtu umeanza kukisogelea. Nkambo aliinama, akalima majani yote kulizunguka kaburi, taratibu, akipumzika kila mara na mkono kiunoni. Jirani alitaka kulichukua jembe, akakataliwa. Alipomaliza, nkambo alikaa chini na miguu imenyooka mbele, kama mtu aliye nyumbani kwake.

"Minyi sitageuza maneno yangu juu ya ile sinema," akasema. "Bale bantu baliingia kwa benyewe."

"Na minyi nitabalilia," jirani akasema.

"Ubalilie. Haiko mubaya. Lakini huyu alilala hapa, njo kwabo hapa. Na weye iko mama yake. Muntu akiuliza nani alikuita, umutume kwangu."

Jirani alilinyunyizia kaburi maji yale niliyobeba. Alilia kidogo, si sana. Kisha tukarudi, wao mbele, mimi na ndoo tupu nyuma, na sikumbuki kama walizungumza njiani. Jioni masufuria yalirudi ndani ya nyumba.

Jumapili iliyofuata nkambo alienda ukumbini mapema, akamkalisha jirani kwenye benchi la mbele, katikati kabisa, na yeye akakaa pembeni yake. Vijana walipoanza tena nyuma, alisimama. Mwalimu akashusha fimbo.

"Ile maneno iko yangu," nkambo akasema. "Nilisema juu ya sinema. Mwenye kuibeba inje kwenda kutukana nayo muntu, anaiiba kwangu. Na mama zenu bote minabajua."

Mke wa askari, ukutani, akasema kwa Kilingala jambo ambalo sikulielewa, lakini lile la kuwaelekeza vijana kwa kidole lilieleweka, nao wakakaa. Filamu ikaanza. Mtoto alipozikwa, nkambo hakusema kitu. Wapanda farasi walipotokea mlimani akasema, kwa sauti ile yake, "Njo hawa benye inchi."

"Mama, unyamaze, tuangalie," jirani akamjibu.

Hawakukubaliana hata siku moja. Walibishana juu ya filamu ile wakitwanga, wakichota maji, wakirudi misani. Mwishowe kaseti ilichakaa, watu wote wakawa wa bluu, kisha picha ikawa mistari mitupu. Mwalimu alihamishiwa shule nyingine. Jirani alizeeka kabla ya wakati wake kwa ule moshi wa mafuta, na binti wa kaka yake akaja kutoka Kasai kumchukua. Kituoni aliongea na nkambo kwa muda mrefu pembeni, Kiluba cha kwetu kwa Tshiluba ya Kasai, lugha zinazosikilizana bila kutafsiriwa. Niliona nkambo akitikisa kichwa kukubali. Hatukumwona tena jirani. Tulisikia habari za kifo chake kwa wasafiri, zikiwa zimechelewa.

Nkambo alilima kaburi lile kila kiangazi mpaka miguu ilipomkatalia. Baada yake nililima mimi, mpaka nilipoolewa Lubumbashi.

Safari hii, siku moja kabla ya kuondoka, nilivuka reli kwenda kuangalia. Ukumbi wa parokia niliupita njiani. Sasa ni ghala la mahindi, na madirisha yamejengewa matofali. Kule makaburini mji umeingia. Kuna nyumba, kuna duka la kuchaji simu, kuna watoto wanaocheza mpira wa matambara. Nilihesabu hatua kutoka reli kama nilivyozoea, lakini njia yenyewe imehama. Nikasimama uani kwa watu bila kujua.

Mwanamke aliyekuwa anaanika mihogo aliniuliza kwa upole, "Mama, unatafuta nani?"

"Natafuta mutoto mumoja. Alizikwa hapa zamani."

Hakushangaa, nadhani si mimi wa kwanza kufika pale. Akaweka chini kikapu, akajipangusa unga mikononi, tayari kunisaidia.

"Jina yake nani?"

Nikafungua mdomo kumjibu. Jirani alisema siku zote "mutoto wangu," na nkambo alisema "ule mudogo," na mimi, kwa miaka yote niliyoshika jembe lile, sikuwahi kuuliza.