Mustari Wenye Nilitilia Mashaka

Bandugu, mimi ni mutu wa mashaka. Masika, mwenzangu wa kazi, aliandika programu ya kuunganisha balance ya kupima kakao na ordinateur, ile kompyuta. Mimi nikaichunguza kama itatembea ku kila processeur, ule ubongo wa mashine. Hapa bureau Butembo ilitembea muzuri. Kule Kalunguta, kamashine ka balance kenye processeur ingine kakasoma namba kinyume: gunia moja likapita uzito wa camion, lori nzima! Nikamushitaki Masika mbele ya patron, mukubwa wetu.

“Masika, umeficha nini humu?” nikamuuliza.

“Tuangalie karatasi,” akajibu. Sababu courant ya umeme inakatikaka, tunasahihishaka programu ku karatasi.

Mustari wake wa kupanga namba kulingana na processeur ulikatwa na kalamu ya bic nyekundu. Patron akasoma kwa sauti maneno yaliyoandikwa pembeni yake: “Huu mustari sielewi. Niko na mashaka. Utoke.” Chini, “vu et approuvé”, ni kusema imeonwa na kukubaliwa, na signature yangu.