Manowari Iliyotupa Jina

Mimi kukaa kitako siwezi. Mama yangu alikuwa akisema nahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia, na hakusema uongo. Kwa hiyo miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, nilipopewa kazi ya kumwangalia mzee mmoja huko Parkdale, Toronto, niliona nimefungwa jela.

Mzee alikuwa mjane, injinia mstaafu, na mikono yake ilitetemeka. Kwa miaka mingi alikuwa akiunda manowari ndogo ya mbao mfano wa zile za enzi za Malkia Victoria, zenye matanga na injini ya mvuke pamoja. Zilibaki kamba tu, na vidole vyake havikuzimudu tena. Aliponiona na nywele zangu, akauliza nani alinisuka. Nikamwambia nimejisuka mwenyewe. Kuanzia siku hiyo, nikishamwogesha na kumlisha, nilikaa mezani na kibano nikifunga kamba za milingoti.

Nilimtania kwamba kwetu mshika mawili moja humponyoka. Matanga na injini vya nini vyote? Akacheka. Akanieleza kuwa upepo ukiwa mzuri, mabaharia waliishusha dohani na kuivuta juu rafadha, yale mapanga yanayozunguka chini ya maji, ili isiizuie meli. Upepo ukifa, vyote hurudishwa, makaa yanawashwa. Kazi haziishi. Nikaipenda manowari ile kwa sababu hiyo tu.

Miezi yote hiyo sikuuliza inaitwaje. Siku moja ya baridi kali akanipa brashi na kitabu, niandike jina nyuma, kwenye tezi. Nikakifungua pale alipoweka alama. Chini ya picha palikuwa na jina la ukoo wetu, herufi kwa herufi, lile lililo kwenye pasipoti yangu.

“Hii ilitumwa pwani ya kwenu,” akasema mzee kwa fahari. “Ilikamata majahazi ya watumwa. Iliwaokoa watu.”

Nikamwambia saa ya dawa imefika. Haikuwa imefika.

Nieleze. Karibu na Mombasa kuna vijiji vya wajukuu wa watu walioshushwa kutoka kwenye manowari kama zile. Sisi ni wa huko. Tuliitwa watu wa misheni, na waliotuita hivyo hawakuwa wakitusifu. Hata Toronto, baada ya ibada, mtu akishika kikombe chake cha chai lazima akuulize, “Kwenu hasa ni wapi?” Nilidanganya kuwa mimi Mgiriama, nikageukia mandazi. Baba yangu alijibu, “Sisi watu wa pwani,” akaenda kutafuta koti lake. Nikadhani anaona aibu, na mzazi humchimbi aibu yake. Nikamsitiri miaka arobaini.

Baba alikuwa akiishi nami Thorncliffe Park, na kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka. Alitia chai sukari mara tatu, akaomba sukari. Siku ile ndani ya basi nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilikuwa na hofu: akiondoka kabla sijajua, nitabaki na jina la chombo maisha yangu yote.

Nikaingia na koti mwilini na kumwekea mbele nakala ya ile picha. Akaitazama sana.

“Ndiyo hii,” akasema. “Bibi yangu alipandishwa humu akiwa msichana mdogo. Karani akamuuliza jina, hakulielewa, akamwandikia la meli.”

“Mbona hukuniambia, Baba?”

“Hukuuliza, mama.” Alikuwa akiniita hivyo tangu utotoni. “Bibi alituachia sharti. Jina lake la kweli na kijiji chake asipewe mtu asiyeuliza. Alisema walioandika hawakuuliza mara mbili. Mimi nilimuuliza nikiwa na miaka tisa, akaniambia. Nami nikakungoja wewe. Nikadhani unaona aibu.”

Nikavuta kiti. 

“Basi nakuuliza. Aliitwa nani?”

  Akaitazama picha, kisha mikono yake, kama mtu aliyeweka ufunguo mahali akapasahau.

“Ngoja kidogo, mama.”

Nikamtilia chai. Ikapoa, jina halijamjia.

Manowari ya mzee niliimaliza majira ya kuchipua, na lile jina nililiandika mwenyewe kwa mkono usiotetemeka, ingawa nilikuwa nikilichukia. Baba aliishi miaka miwili zaidi. Nilimsumbua kila Myao na kila Mnyasa niliyekutana naye mjini, maana wengi wa waliotekwa walitoka kwao, anipe majina ya bibi zake, nikayajaza daftarini. Kila asubuhi, nikimvalisha baba soksi, nilimsomea. Alisikiliza kwa adabu, kichwa kaniinamishia.

“Siyo hilo, mama,” alikuwa akisema. “Soma jingine.”