Chumba cha Wazazi Nyuma ya Nakivubo

Mwaka jana nilirudi Kampala kumwona binti wa mdogo wangu wa kike, aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Nilimkuta kwake, mtaa wa Ggaba, ghorofani, amekaa kitandani na simu mkononi, akisoma namna ya kumshika mtoto ili anyonye. Nyumba ilikuwa safi, jiko limepoa, na hakukuwa na mtu mwingine. Mumewe alikuwa kazini. Chakula kililetwa na bodaboda, kikaachwa mlangoni. Nilimpikia uji, nikamwekea mto mgongoni. Akaniuliza, "Mama mkubwa, zamani nyinyi mlikuwa mnafanyaje?" Alikuwa amechoka, nikamjibu kwa ufupi. Wewe nitakueleza yote, maana najua una nafasi.

Sisi tulikaa nyuma ya uwanja wa mpira wa Nakivubo, katika nyumba ya mabati yenye ua katikati. Aliijenga babu, ambaye baba yake alikuja na wafanyabiashara wa pwani na hakurudi tena. Ndani tulisema Kiswahili, nje Kiganda. Asubuhi uliamshwa na adhana, halafu milango ya maduka, halafu ndoo za wanawake bombani. Maduka mengi yalikuwa tupu siku zile. Wahindi walikuwa wameshafukuzwa, sukari na sabuni zilipatikana kwa magendo, na wanajeshi walipita mitaani kama watu wenye mji. Watoto tuliyazoea hayo kama unavyozoea mvua. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kuchambua mchele na kutwanga pilipili manga mpaka nipige chafya.

Chumba cha kwanza ukiingia uani hakikupangishwa. Kilikuwa cha wazazi. Mwanamke yeyote wa mtaani asiyekuwa na mama wala mama mkwe karibu alikuja kukaa humo mimba ikishakuwa nzito, akatoka arobaini ikiisha. Bibi ndiye aliyekianzisha. Hakuwa mkunga wa hospitali. Alikuwa mwanamke aliyezaa wengi na kuzika baadhi, na hakutaka kuona mzazi akiinuka kwenda kukata kuni. Aliyeonekana ana hatari alimpeleka hospitali yeye mwenyewe, akakaa naye huko. Wengine alibaki nao. Wanawake wa mtaa walishika zamu: huyu analeta mkaa, yule anapika uji wa wimbi, mwingine anafua nepi. Bibi alimkanda mzazi kwa maji ya moto na kitambaa, akamfunga tumbo kwa leso, akamnywesha supu ya samaki yenye tangawizi nyingi. Sukari ilipoadimika uji ulitiwa sukari guru, na mpaka leo harufu yake nikiipata naona mvuke ukitoka mlango ule.

Basi chumba cha mwisho cha ua alikipanga askari mmoja wa jeshi, kutoka ng'ambo ya Nile, upande wa Arua. Yeye tulimwona kwa nadra. Mkewe tulimwona kila siku: mrefu, mkimya, tumbo linaanza kuchomoza. Akifika bombani wanawake walinyamaza na kumpisha, hata kama wao ndio waliotangulia. Hawakumpisha kwa heshima. Mama yangu, ambaye naye alikuwa mjamzito, hakumpisha wala hakumtazama. Mjomba wangu alikuwa amechukuliwa na wanajeshi mwaka uliotangulia, mchana, mbele ya duka, na hatukupewa hata maiti. Tangu hapo mama alikuwa akiona sare ya jeshi anaingia ndani.

Asubuhi moja yule askari alitoka kwenda kazini na hakurudi. Siku zilizofuata likaja gari la jeshi. Wenzake walishuka, wakabeba redio, godoro na viatu, wakaondoka bila kumwambia mkewe neno. Alibaki amekaa kizingitini, mikono juu ya tumbo. Tukaelewa kwamba naye amechukuliwa, na ua mzima ukafunga milango. Mtu ambaye mumewe amechukuliwa alikuwa na bahati mbaya inayoambukiza.

Jirani yetu, mwanamke Mganda aliyeuza ndizi soko la Nakasero, alikuja jikoni kuzungumza na bibi. Alimwita Jajja, kama Waganda wanavyomwita bibi.

"Jajja, huyo mambo yake ni ya jeshi. Tukimgusa, kesho gari inasimama hapa kwetu."

"Likisimama litakuta mwanamke mjamzito," bibi akasema, bila kuacha kupepeta mchele. "Mtoto wa tumboni ana cheo gani?"

Baba naye alijaribu. "Mama, mimi nina watoto humu ndani."

"Na yeye anaye."

Kisha bibi akafuta mikono, akavuka ua, akamshika yule mwanamke kiwiko na kumwingiza chumba cha wazazi. Nilibeba sufuria yake. Ilikuwa sufuria tu. Vingine vyote vilikuwa vimeondoka na lile gari.

Chumba cha wazazi na chumba chetu vilitenganishwa na ukuta mwembamba, na mama alihamisha kitanda chake upande wa pili. Zamu yake ya kupika uji ilipofika aliupika vizuri kama kawaida, akanipa mimi nipeleke. Bibi aliliona hilo, akaliacha lilivyo.

Mke wa askari ndiye aliyetangulia kujifungua, mtoto wa kike, kabla ya adhuhuri. Muuza ndizi, yule aliyeogopa, alikuja bila kuitwa. Alimshika mabega kutoka nyuma akimwita nyabo, kama Waganda wanavyomwita mama kwa heshima, "Sukuma, nyabo, sukuma, bado kidogo," na baadaye alikaa sakafuni akalia, sijui kwa nini. Gari la jeshi halikuja. Sote tulilisubiri, halikuja.

Mama alifuata wiki hiyohiyo. Mtoto wa kiume alitoka salama, lakini mama akashikwa na homa, mwili ukawa unawaka, titi moja likavimba. Bibi na baba walimkodia gari wakampeleka hospitali. Muuguzi aliyempokea alimpiga sindano, akaomba radhi kwamba dawa nyingine hazipo na haijulikani zitakuja lini, akawaambia ni heri akapumzike nyumbani kuliko kulala sakafuni. Mama akarudi. Homa ilipungua kidogo, ila maziwa yakakatika.

Maziwa ya kopo hayakuwepo Kampala yote. Baba alizunguka Nakasero na kwa watu wa magendo akarudi mikono mitupu. Bibi alichanganya maziwa ya ng'ombe na maji, akamnywesha mdogo wangu kwa kijiko, akayatapika. Alilia mpaka sauti ikawa nyembamba, halafu akawa analia kidogokidogo, na hicho ndicho kilichomtisha bibi. Nilimwona amesimama uani na kijiko mkononi, hajui akiweke wapi. Sikuwahi kumwona hivyo kabla.

Upande wa pili wa ukuta yule mwanamke alikuwa akisikia yote. Ilikuwa mchana wa jua kali. Alitoka, leso yake imelowa kifuani, akaja akasimama mlangoni petu. Hakuingia.

"Mama," alimwambia mama yangu, kwa Kiswahili chake cha kambini, "mimi iko na maziwa mingi. Mtoto yangu anashindwa kumaliza. Lete huyu."

Mama alikuwa amelala ameelekea ukutani. Bibi alimchukua mtoto, kisha akasita, akamrudisha kitandani karibu na mama. Naona alitaka mama ndiye aamue. Tulingoja. Nzi walikuwa wakizunguka bakuli la uji. Mama aligeuka taratibu akamtazama yule mwanamke, mara ya kwanza, kwa muda mrefu.

"Mume wako alikuwa anafanya kazi gani huko?"

"Fundi wa magari. Mimi najua hiyo tu, mama. Ile ingine mimi hajui."

Mama alimtazama tena. Kisha akajiinua kwa kiwiko, akamchukua mwanawe, akamsogeza kwa yule mwanamke. "Kaa hapa," akasema. "Chukua huo mto, mgongo utakuuma."

Yule mwanamke akaketi kwenye kitanda cha mama. Mdogo wangu alihangaika kidogo, akapata, akanyonya kwa nguvu mpaka tukasikia anavyomeza. Mama alifumba macho. Machozi yalimtoka pembeni.

Tangu siku hiyo milango ya vyumba viwili haikufungwa. Mama alipopata nafuu na maziwa kurudi, walinyonyesha yeyote aliyelia kwanza. Bibi alituita watoto wote akatutangazia kwamba hawa sasa ni ndugu wa kunyonya, kwa sheria ya dini hawataoana, na tuwe mashahidi. Tulicheka, maana wachumba wenyewe walikuwa hawajaota jino. Arobaini yao walitolewa pamoja, wakaogeshwa, wakafukizwa ubani, muuza ndizi akaleta mkungu mzima.

Yule mwanamke aliishi nasi mpaka watoto wakawa wanakimbizana uani. Alijifunza kupika pilau, akamfundisha mama kusaga ufuta. Mumewe hakuonekana tena, na yeye na mama walikuja kuzungumza juu ya mume na juu ya mjomba katika mazungumzo yaleyale, kama watu waliofiwa nyumba moja.

Kisha serikali ya wanajeshi ikaanguka. Watu walishangilia barabarani, na wengine wakaanza kuwatafuta wote waliotoka upande wa Arua, walikotoka wanajeshi wengi, awe askari, awe mke wa askari, awe mtoto. Mama alimvalisha yule mwanamke buibui lake. Muuza ndizi, aliyejua madereva wengi, alimtafutia lori la kwenda kaskazini, akapanda naye mpaka nje ya mji, ili akiulizwa aseme huyu ni dada yake. Bibi alimfungia mtoto sukari guru kwenye kitambaa. Hapakuwa na nafasi ya kuagana vizuri. Miezi baadaye dereva mmoja alituletea salamu kwamba walifika, wamevuka Nile. Baada ya hapo hatukusikia tena.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza mama kwa nini siku ile alikubali. Alikuwa akimenya karanga. "Alikuwa na maziwa," akasema, "mimi sikuwa nayo." Akaendelea kumenya.

Nyumba yetu ilivunjwa. Sasa pale pamesimama jengo la maduka, ngazi kwa ngazi, viatu na vipuri vya simu, na watu wanaopanda na kushuka hawajui kwamba wanakanyaga ua. Chumba cha wazazi hakikurithiwa na mtu. Wanawake walianza kwenda hospitali na kurudi kila mmoja kwake, na nadhani wengi walizaa salama zaidi kuliko zamani. Silalamiki. Bibi alikufa kwanza, akafuata muuza ndizi, halafu mama. Yule mwanamke sijui kama yu hai; katika wengine waliokuwa chumbani mchana ule na wanaoweza kuusimulia, nimebaki mimi. Wapo pia wale wawili walionyonya, ila hawakumbuki chochote. Mmoja ana mvi sasa. Mwingine, kama yu hai, naye atakuwa nazo.