Mashua ya Yaya

Mimi niliyejenga depo tatu za bidhaa Dilala, hapa Kolwezi, bila diploma, hakuna kitu cha kunishtua tena. Lakini jana fundi simu alichomelea waya kwa risasi ya kuyeyusha mlangoni pangu, na ule moshi ukanirudisha utotoni.

Kaka yangu mkubwa, Yaya kama nilivyomwita, alinuka hivyo. Alitengeneza mashua ya kuchezea, mfano wa ile ya askari isiyo na paa, kwa kopo la mafuta, mota ya redio-kaseti na telekomande, ile rimoti, ya gari bovu la kuchezea. Kabla hatujaijaribu, sisi wenye asili ya Kasai tulifukuzwa Kolwezi hii ambako nimerudi ukubwani, eti turudi kwetu Kasai, ambako hata mama hajawahi kufika.

Tulilala gare, pale stesheni, majuma mazima tukingoja treni. Kaka akashikwa na homa, hata kijiko cha maji akawa anatapika.

“Yaya, unataka nini?”

“Nione inatembea mu maji.”

Pale maji yaliuzwa kwa bidoni, yale madumu ya plastiki. Nilijaza karai nzima. Mama mmoja aliyelala kando yetu akafoka, “Ee mutoto, batu banakufa na kiu, weye unachezea maji!”

“Muache, mama,” mama yangu akamwambia.

Mashua ikazunguka. Yaya akacheka, kidole juu ya kitufe. Kisha kidole kikalegea, mota ikanyamaza, mama akapiga yowe.

Yale maji niliyapata kwa kuuza viatu vyangu vya shule, na shule yenyewe ikaishia hapo: zaire milioni tatu na nusu, pesa ya wakati ule, bei ya bidoni moja.