Wifi Yangu Mchawi

Mdogo wangu aliponiambia amepata mchumba, nilikuwa nimepiga goti juu ya kiroba cha suruali za jinzi pale soko la nguo la Shahe, nakaza kamba. Sikugeuka hata kumtazama. Nikamuuliza, Mtanzania? Akasema hapana. Mchina? Hapana. Nikamwambia basi sema mwenyewe, mimi si mpiga ramli. Akacheka, kicheko cha mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

"Ni Mwaustralia, dada. Anafundisha chekechea hapa hapa Guangzhou. Halafu, dada, yeye ni mchawi. Yaani ndiyo dini yake."

Kamba ikaniponyoka mkononi.

Sisi ni watu wa Kahama, na kwetu neno hilo halichezewi. Bibi yetu, mama yake mama, alikuwa na macho mekundu. Macho ya moshi wa kuni, basi, kama ya wanawake wote waliopikia ndani miaka yote ya maisha yao. Akafa mtoto wa jirani, watu wakayatazama yale macho, wakakubaliana. Bibi akaambiwa aondoke kijijini kabla mambo hayajaharibika zaidi. Mama alikuwa binti mdogo, na ndiye aliyebeba sufuria kichwani njia nzima. Bibi alifia mjini katika chumba cha kupanga na kijiji chake hakukiona tena. Mama akakua, akaanza kuuza mitumba sokoni, akatulea sisi kwa kufungua na kufunga marobota, na katika nyumba yetu hilo neno lilikuwa halitamkwi hata kwa utani.

Sasa mwanaye wa kiume amelitafuta nje ya nchi na anataka kulioa.

Mama aliposikia hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Akioa mchawi, asije kunizika." Kisha akaniambia mimi, kwa kuwa ndiye ndugu pekee huku, nikae katikati nilivunje hilo jambo. Mdogo wangu alipopata habari alikaa sakafuni kwangu akakunja magoti. Akasema huyo binti hamwachi, na mama hamwachi, na kama kuna njia ya tatu mimi ndiye nitakayeijua. Unaona kazi niliyopewa? Mtu mzima mwenye biashara zangu!

Nikaenda kumwona nikiwa nimeyapanga maneno yangu kama bidhaa kwenye meza. Alikuwa amepanga chumba Sanyuanli, ghorofa ya juu kabisa, jengo halina lifti. Nilifika nahema. Akafungua mlango, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, wifi." Kiswahili cha kuchechemea, lakini heshima yote imo ndani. Nikaitikia bila kupenda, maana shikamoo haiachwi ikining'inia.

Kwenye rafu alikuwa ameweka mshumaa, bakuli la maji, bakuli la chumvi, unyoya, na kisu chenye mpini mweusi. Nikakiona hicho tu.

"Hicho kinachinja nani?" nikauliza.

Akasema hakichinji kitu. Hakikati hata kitunguu, ni mwiko. Kazi yake ni kuchora duara hewani wakati wa ibada. Wanaoshika mapokeo yake wanacho kisu kingine, chenye mpini mweupe, kwa ajili ya kukatia. Nikamwambia kisu kisichokata hata pale Shahe hakiuziki. Akacheka mpaka akashika ukuta, nami nikajikaza nisicheke, ila midomo ilinisaliti.

Basi akanieleza. Shetani hawana, hata kumwamini hawamwamini. Wana mungu wa kike na wa kiume, wana mwezi, wana sikukuu nane zinazozunguka na majira ya mwaka. Kanuni yake yeye ni kutomdhuru mtu, na kwamba ukituma baya linakurudia mara tatu. Hapo nikatikisa kichwa, nikasema uchawi wa kwetu hauna kanuni kama hiyo. Akaniambia ila hiyo ya mara tatu si wote wanaishika. Wapo wanaoingizwa na aliyeingizwa, ukoo kwa ukoo, kwa ngazi tatu, na bila hivyo hawakutambui. Wapo waliojifunza peke yao na kujiingiza wenyewe. Wapo wanaovaa majoho, na wapo wanaofanya ibada kama walivyozaliwa.

"Weee! Uchi?"

"Ndiyo, wifi."

Kumbe na wachawi wana madhehebu! Wana wa maji mengi na wa kunyunyizia, kama sisi tu, na kila mmoja anamwona mwenzake amepotea njia. Nilipofika hapo hofu ilinipungua, sijui kwa nini. Nadhani ni vigumu kuwaogopa watu wanaogombana kuhusu nguo.

Lakini nilikuwa nimetumwa, na nina hasira zangu. Nikamwambia ukweli. Nikasema, "Jina hilo wewe umelichukua mwenyewe kama mtu anayechagua gauni. Bibi yangu alibandikwa. Alifukuzwa nalo, akafa nalo." Nikamsimulia macho, moshi, sufuria. Nilitegemea anibishie. Hakubisha. Akaniambia wengi wao walilichukua jina hilo kwa sababu ya watu kama bibi, waliouawa na kufukuzwa kwalo, ili lisibaki mikononi mwa waliofukuza. Kisha machozi yakamtoka, akauliza kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Alikuwa anapenda kula nini?"

Karanga, nikasema. Nikajikuta nalia na mimi, kwenye kiti cha mgeni, mkoba bado begani.

Tangu siku hiyo nikahamia upande wao. Mama nilimwambia waziwazi kwamba nimeshindwa kazi yake, na kwamba binti ana adabu kuliko sisi aliotuzaa. Mama akasema, "Amekuroga na wewe." Kila nilipompigia simu ya picha, binti alisogea akasema, "Shikamoo, mama." Kila mara mama alinyamaza, au aliniuliza mimi bei za mashati. Na mnajua wenyewe maana ya kunyimwa marahaba. Binti alikuwa akisubiri kidogo, halafu anarudi nyuma polepole. Mdogo wangu alikonda.

Wakapanga harusi mwisho wa Aprili, alasiri, juu ya paa la jengo lile lile la Sanyuanli. Harusi yao ni ya kufungwa mikono: bibi na bwana wanashikana mikono, wanafungwa kamba, wanaapa. Kwa kuwa ndugu wa binti hawakuweza kusafiri, alitaka kamba ifungwe na mtu wa upande wa bwana. Nani mwingine? Kamba niliinunua mimi mwenyewe Zhanqian, kwenye duka la vifungo na zipu. Nilitaka nyekundu. Laoban, mwenye duka, akanipungia mkono, meiyou, hakuna. Nikachukua ya bluu na nyeupe na ya kijani, nikazisuka pamoja.

Wachawi wenzake walikuwa wawili tu. Mmoja mama wa Kiingereza mwenye mvi, wa lile dhehebu la ngazi tatu, ndiye angeongoza. Nilimwambia mapema kwamba kama kuna habari za uchi mimi nashuka, akaniahidi majoho. Wa pili binti wa Kichina, muuza makava ya simu, aliyejifunza uchawi wake peke yake kwenye mtandao. Tulipofika juu tukazikuta shuka za majirani kwenye kamba, tukazisogeza.

Ugomvi ukaanza kabla ya ibada. Mama wa Kiingereza akaweka mshumaa wa moto upande wa kusini. Wifi yangu akauhamishia kaskazini, maana kwao Australia jua linapita kaskazini, na duara wanalizunguka kinyume na wa Ulaya. Yule mama akasema hapa si Australia. Wifi akasema hapa si Uingereza. Halafu likaja la tarehe: kwa yule mama hii ni sikukuu ya kuchanua, ya mapenzi, ndiyo inayofaa harusi. Kwa wifi, tangu alipoingia dini hiyo kwao, ambako majira ni kinyume, siku hizi ni za kuwakumbuka wafu, na alianza kuingiwa na wasiwasi kwamba amechagua vibaya.

Binti wa Kichina alikuwa anafuta maji ya mvua kwenye viti. Akasema bila kuinua kichwa kwamba mwezi huu wao wameshafagia makaburi na kuwalisha wazee, kwa hiyo wafu wa Guangzhou wameshiba, hawatagombana na bibi harusi. Na jua lenyewe lilikuwa limeshainamia magharibi, si kusini wala kaskazini. Basi moto ukabaki kusini, na wifi akapewa kona ya wafu wake upande wa pili. Pale akaweka kisahani cha karanga.

Mimi wakati huo nilikuwa napiga simu Kahama. Nilijua mama ametoka kanisani. Akapokea. Nikaiegemeza simu kwenye ndoo, nikaona dari ya bati tu na kipande cha kanga.

"Mama, mbona hatukuoni?"

"Nimepokea simu," akasema. "Sijakubali harusi. Nasikia, siangalii."

Mdogo wangu aliyasikia. Akamshika mchumba wake mkono.

Mama wa Kiingereza akachora duara hewani kwa kijiti. Kisu chake kilibaki nyumbani kwake, maana ukaguzi wa treni za chini ya ardhi usingekiacha kipite, na cha mwenzake hashiki. Wakaapa, mdogo wangu sauti ikimkatika. Nikaitwa nifunge. Wakaniambia nifunge imara. Sasa, jamani, mimi mtu wa mizigo ukiniambia funga imara, unategemea nini? Nikafunga fundo la marobota, lile alilonifundisha mama nikiwa msichana, ambalo ukilitupa kutoka kwenye lori halifunguki. Nikalikaza na goti kidogo. Nikajisifu kimoyomoyo.

Ndipo mama wa Kiingereza akawaambia, "Sasa vuteni."

Hakuna aliyeniambia! Kumbe desturi yao fundo huwa legelege. Wenyewe wanachomoa mikono, fundo linabaki kwenye kamba, wanalitunza maisha yao yote. Wakavuta. Fundo langu likafanya kazi yake. Wakavuta tena, likala zaidi. Vidole vya wifi vikaanza kuwa vyekundu, vya mdogo wangu vikavimba. Binti wa Kichina akachomoa mfukoni kisu cha kukatia maboksi, maana mfanyabiashara wa Guangzhou hatembei bila hicho.

"Hapana!" wifi akapiga kelele. "Ikikatwa hii, tumekatwa sisi!"

Mdogo wangu akaniangalia, uso umemshuka. "Dada, umetufanya nini?" Nilitamani paa linimeze. Harusi yenyewe haina baraka ya mama, na mimi nimekuja kuifungia mkosi kwa mikono yangu miwili. Nikaanza kuchokonoa lile fundo kwa kucha, na kadiri nilivyochokonoa ndivyo wao walivyovuta.

"Kuna nini huko?" sauti ikatoka kwenye ndoo. "Nani analia?"

Nikageuka. Dari ya bati ilikuwa imeondoka. Uso wa mama ulikuwa umejaa simu nzima, miwani imeteleza puani.

"Sogeza hiyo simu. Sogeza nione." Nikaisogeza. Akatazama. "Nani kafunga hilo fundo?"

"Mimi, mama."

"Nilikufundisha kufungia watu?"

Mama akavua miwani, akaivaa tena. "Teremsha hicho kisu. Kamba yangu haikatwi, sijakata kamba tangu nianze biashara. Wewe," akamwambia mdogo wangu, "acha kuvuta kama punda. Na mwambie mwenzio asivute. Sogezeni mikono. Zaidi. Igusane kabisa. Sasa dada yenu asukume kamba irudi ilikotoka."

Nikasukuma. Fundo likalegea kidogo, mikono ikateleza ikatoka, na fundo likabaki zima kwenye kamba kama wenyewe walivyotaka. Mama wa Kiingereza akapiga makofi. Wifi yangu alikuwa bado anahema, mkono mmoja umeshika mwingine. Mama hakukata simu. Macho yake yalikuwa yamepita nyuma yetu.

"Hizo karanga za nani?"

Nilitaka kujibu, wifi akaniwahi. "Za bibi," akasema. "Bibi wa macho mekundu."

Nikadhani mtandao umekatika, kumbe mama alikuwa amefunika mdomo kwa kanga. Wifi akasogea mbele ya ndoo, akapiga magoti kwenye saruji yenye maji na joho lake, akasema kama alivyosema siku zote.

"Shikamoo, mama."

Safari hii hakurudi nyuma. Alikaa pale pale.

"Marahaba," mama akasema. Akajifuta macho. "Marahaba, mkwe wangu. Lakini hizo naona zina chumvi. Mama yangu hakula karanga za chumvi. Mkija nitakuonyesha zinavyokaangwa."

Mdogo wangu akakaa chini kwenye maji, akalia mbele ya wachawi wote.