Riesling Iliyonuka Mafuta ya Taa

Mama yangu alifariki akiamini kwamba kazi yangu Doha ilikuwa kumimina juisi. Sikumdanganya moja kwa moja. Nilimwambia nahudumia wageni vinywaji, naye, mwanakwaya asiyejua hata busaa, pombe ya kienyeji, ina ladha gani, akajichagulia mwenyewe ni vinywaji vipi. Ukweli ni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2010, katika hoteli moja ya West Bay, nilikuwa najifunza kuonja mvinyo mweupe, na nilishaanza kujiona bingwa.

Aliyenifundisha alikuwa mkuu wa mvinyo, Mjerumani mrefu aliyezaliwa kwenye bonde ambako, kwa maelezo yake, mizabibu hupandwa kwenye mteremko mkali hata mbuzi angefikiria mara mbili. Alipenda Riesling, mvinyo mweupe wa kwao, kuliko alivyopenda watu wengi. Mwanzoni nilikariri maneno ya vitabuni, majina ya matunda ambayo sijawahi kuyatia machoni. Akanikataza. "Andika unachokijua," aliniambia. "Pua yako ilikulia wapi? Anzia huko." Basi nikaandika ndimu, pera ambalo halijaiva, asali ya msituni, mvua ya kwanza juu ya vumbi. Alizisoma karatasi zangu akitabasamu, na nyingine alizihifadhi.

Alinifundisha pia kutofautisha mahali na mahali. Riesling ya bonde la kwao ilikuwa nyepesi, yenye utamu mdogo uliojificha nyuma ya uchachu. Ile ya ng'ambo ya mpaka, Ufaransa, ilikuwa kavu na nzito zaidi mdomoni. Ya Australia ilikuwa kama kung'ata ganda la ndimu. Zote alizonionjesha zilikuwa changa, za mwaka mmoja au miwili. Hilo ndilo lililokuja kuniponza.

Chupa zenyewe zilitunzwa na mwenzetu wa ghalani, mtu wa Tanga, Mwislamu wa swala tano ambaye hajawahi kuonja hata tone. Alizilaza kwa ubavu, akapima baridi ya chumba asubuhi na jioni. Kila nilipoteremka kuchukua chupa alinichokoza.

"Hivi dada'angu, hicho Kiswahili chenu huwa mnakiokota wapi?"

"Wacha zako, kaka. Chetu kinaenda job. Chenu kimekaa tu kwa baraza kikinywa kahawa."

Siku moja nilimuuliza kama kazi ile haimsumbui moyo. Akasema inamsumbua, aliomba ahamishiwe kwenye unga na mchele, hawajamjibu. "Lakini nimekabidhiwa, dada. Siwezi kukabidhiwa kitu cha watu nikakiharibu eti kwa sababu mimi sikinywi."

Mwezi wa Ramadhani hoteli haikuuza pombe, kwa hiyo mkuu wa mvinyo alikwenda likizo kwao. Alitakiwa kurudi baada ya Idi kwa ajili ya kile tulichokiita kwa utani siku ya hukumu, asubuhi moja kila mwaka ambapo mivinyo myeupe ya kuwekwa kwenye menyu ilionjwa bila kuonekana majina. Mama yake akaugua, akachelewa. Mudir, ndivyo sote tulivyomwita meneja wa vyakula na vinywaji, alikuwa mtu wa bia, lakini alikataa kuahirisha. Akaniweka mimi kwenye kiti cha mkuu wangu, na akadokeza kwamba nafasi ya msaidizi wa mkuu wa mvinyo ilikuwa wazi. Kichwa kikanivimba.

Tulikuwa watatu mezani, mimi, Mfilipino wa baa na Mhindi wa upande wa karamu. Chupa zilivikwa karatasi ya fedha na kupewa herufi. Tunatazama rangi, tunanusa, tunaonja, tunatema ndooni, tunaandika. Glasi tatu za kwanza zilinipa raha. Ya nne niliitia pua nikarudisha kichwa nyuma.

Mafuta ya taa. Si kidogo, na si kwa kubahatisha.

Aliyekulia kwetu ataelewa nilichofikiri. Duka letu la kijijini lilikuwa moja, na mwenye duka alipima mafuta ya taa kisha akapima sukari kwa mikono ileile. Mara ngapi tumemwaga sufuria nzima ya chai! Mama alikuwa akibeba ile sukari mpaka dukani na kumwaibisha yule mzee mbele ya wateja. Kwetu harufu ile kwenye kitu cha kuingia mdomoni ilikuwa na maana moja tu, kwamba kuna aliyekihifadhi kizembe.

"Hii imeharibikia ghalani," nilisema, tena kwa sauti. "Imewekwa karibu na mafuta ya taa."

Mfilipino akanusa, akakubali. Mhindi akanusa, akakubali. Karatasi ilipovuliwa tukakuta ni Riesling ya bonde la Mjerumani wetu, yenye umri wa zaidi ya miaka kumi, na kreti yake nzima ilikuwa chini, ghalani. Mudir akateremka mwenyewe. Kwa bahati mbaya akakuta makopo ya mafuta ya taa za bustanini yamepangwa kwenye ukumbi mwembamba, nje ya mlango wa chumba cha mvinyo. Kesi ikaishia hapo.

Kesho yake ikajulikana kwamba barua ya kumwachisha kazi yule wa ghalani inaandikwa. Kwa sisi wafanyakazi wa kigeni kuachishwa kulikuwa na maana ya kupanda ndege ya kurudi nyumbani, kwa sababu visa ilikuwa ya mwajiri. Binti wa huyu wa Tanga alikuwa ndiyo kwanza ameingia chuo cha uuguzi. Nilimwonea huruma, lakini huruma ya mtu aliyesimama upande wa haki. Nilikula chakula changu cha mchana nikakimaliza, nakiri.

Siku ya pili yake alasiri alipanda mgahawani, kabla wageni hawajaanza kuingia. Mkono mmoja alishika ile chupa tuliyoionja, imebaki nusu, na mwingine kopo la mafuta ya bustanini.

"Nusa hili kwanza, dada."

Nikanusa. Hakukuwa na kitu. Yalikuwa kama maji.

"Mafuta ya hapa hayanuki. Wanayasafisha ili wageni wasikereke. Haya, nusa chupa."

Nikamimina kidogo kwenye glasi. Mafuta ya taa yalikuwepo bado, lakini safari hii sikukimbia, na nyuma yake yakaja mengine: ganda la ndimu lililokauka juani, asali nzito, kitu kama jiwe lililolowa. Nikaonja. Sijawahi kuonja kitu kizuri kama kile, nami nilikuwa nimekiandikia kwamba kimeharibika.

"Mimi sijui ladha yake," alisema, "wala siwezi kujitetea kwa kuionja. Wewe ndiye mjuzi. Ninachojua, harufu hiyo haikutoka ghalani kwangu."

Nilimpigia simu mkuu wangu palepale. Alicheka kwanza, kisha nilipomweleza habari ya barua akaacha kucheka. Riesling ikizeeka vizuri, alisema, hunuka hivyo, na wako watu wanaoisubiri miaka mingi ili waipate harufu hiyo. Akasema kosa ni lake kwa kutonionjesha chupa ya zamani. Nilitamani sana kuliacha kosa huko kwake.

Nikaenda kwa mudir. Alinisikiliza akichezea kalamu, kisha akauliza kama ninaelewa kwamba mtu aliyekosea hivyo hawezi kupewa nafasi ya msaidizi. Nikasema naelewa. "Khalas, yameisha," akasema, akaichana barua. Nafasi ikaenda kwa Mfilipino. Nilijifungia chooni nikalia, na sitadai kwamba nilikuwa nalia kwa ajili ya mwingine. Nililia kwa uchungu wa cheo changu.

Nilipokwisha kunawa uso nikateremka ghalani kuomba radhi. Nilikuwa nimejipangia maneno, na nikayasema yote: sukari ya dukani kwetu, mama yangu, chupa changa, kichwa kuvimba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, dada. Kuhusu harufu sina neno, hata mimi ningesema ni mafuta ya taa. Ila kutoka mezani pale mpaka mlangoni kwangu ni ngazi moja tu. Siku mbili nzima, hukushuka kuniuliza."

Hakupandisha sauti. Heri angepandisha.