Gari la Harusi Mbele ya Kampuni ya Sabuni

Mwanangu aliyasema maneno yale akiwa amelala chini ya gari, hata uso wangu hakuuona.

"Maman, kama kampuni ya sabuni inakataa, ninauzisha hii gari vipande vipande, ninaenda Shabunda mu mashimo ya dhahabu."

Nilikuwa ninachambua maharagwe. Nikayaacha. Kaka yake mkubwa alienda Shabunda, na shimo likamfunika pamoja na wenzake sita. Majina yao wote ninayo kichwani, na ya mama zao pia.

Gari ni la marehemu mume wangu, jeusi, la zamani, lenye pua ndefu. Alibeba maharusi nalo miaka mingi. Mwanangu, fundi wa bodi, alilinyoosha bati kwa bati mpaka likawa gari la maonyesho. Watu wanaopenda magari ya zamani walikuwa wanaandaa gwaride mtaani Nyalukemba, na kila gari lilitakiwa kuja na kampuni yake: kampuni inatoa matairi na mafuta, gari linabeba jina lake milangoni. Wenzake walikuwa wameshapata. Yeye kampuni mbili zilikuwa zimemkataa. Ilibaki hiyo ya sabuni.

Hapo ndipo mimi nilipoharibu. Shule sikuenda sana, lakini kuomba ninajua. Sisi wa Bukavu tumeandikishwa na mashirika ya misaada mara nyingi. Wakija kutafuta wenye shida, unaficha viti vizuri kwa jirani, unavaa kitenge kilichochakaa, na unapoulizwa unaanza na wafu wako. Nikamwambia mjukuu wangu wa kike aandike barua ya kampuni hivyo hivyo. Nikaweka ujane wangu, nikaweka kifo cha mwanangu mkubwa, nikaweka na paa linalovuja. Siku ya kwenda, mwanangu alishika ndoo na kitambaa. Nikamkataza.

"Acha matope yake. Wakiona inang'ara watasema hatuna shida."

"Maman, hii ni gari ya kuonyesha!"

"Na wewe ni mutu wa kuomba. Panda."

Mvua ilikuwa imenyesha, na barabara ya Bagira mnaijua. Tulifika uani mwa kampuni gari limechafuka mpaka kwenye vioo. Alitupokea mwanamke wa matangazo, msomi, rika la binti zangu. Alisoma barua amesimama. Kisha akazunguka gari, akapitisha kidole mlangoni, akakitazama.

"Papa," akamwambia mwanangu, "miye ninauzisha sabuni. Unaniletea matope?"

Sentinele, mlinzi wa getini, alicheka mpaka akashika ukuta. "Madame, pengine ni ya kujaribia sabuni!"

Mwanangu hakucheka. Alichukua barua yake, akaikunja, akafungua mlango wa gari. "Twende, maman. Basi."

Nilijua neno hilo "basi" linaishia wapi: Shabunda. Sikupanda. Nilimshika yule mwanamke mkono.

"Binti yangu, usimupime kwa hii barua. Ni miye nilisema iandikwe vile. Ukikataa, anaenda mu shimo. Nimebakia na mutoto mwanaume huyu mumoja."

"Pole, maman. Lakini hapa haiko parokia, hatugawi musaada. Bosi ataniuliza: nani ataona hii gari? Wapi? Hiyo hamukuandika."

Nani ataiona! Nikaanza kumtajia waliokwisha kuiona. Harusi moja moja: bibi harusi nani, bwana nani, wasimamizi wao, parokia gani, msafara ulipita wapi, akina nani walitoka nyumbani kutazama. Hapa siwataji, wengi wako hai na hawajanipa ruhusa. Nilipofika harusi ya Kavumu, ambapo soko zima lilisimama, yule mwanamke akatoa kalamu.

"Polepole, maman. Na sasa, bado inabeba maharusi?"

Mwanangu alijibu kutoka ndani ya gari, bila kututazama. "Kila Jumamosi, nikipata matairi."

"Hii ndiyo ingekuwa barua yenu," akasema yule mwanamke.

Hakutupa tulichotaka. Alitupa karatasi ya mkataba wa mwezi mmoja: matairi mawili, mafuta ya gwaride na ya harusi nne, jina la sabuni milango yote. Mwezi ukiisha, bosi ataangalia picha za watu waliosimama kutazama. Wakiwa wachache, hakuna tena. Mwanangu alitia sahihi juu ya boneti, bila furaha.

"Mwezi haiko kazi, maman," aliniambia njiani.

"Ni siku zenye uko juu ya udongo," nikamjibu.

Gwaride limepita, na harusi tatu zimepita. Kila mara nilisimama kando ya barabara nikiwaita watu kwa majina watoke nje, ili picha ijae. Wengine walitoka. Wengine walichungulia dirishani wakasema koko, yaani bibi huyu, ameanza kuchanganyikiwa. Picha za harusi ya tatu nimeziona kwenye simu ya mjukuu wangu: gari linang'aa vizuri, na barabara karibu tupu.

Imebaki harusi ya Jumamosi hii. Juzi nilimsikia mwanangu akimuuliza fundi mwenzake bei ya bote, viatu virefu vya mpira vya mgodini.

Tangu jana ninapita mlango kwa mlango kwenye njia ya msafara. Ninabisha, ninamwita mwenye nyumba kwa jina lake na la baba yake, ninamwomba aje asimame barabarani Jumamosi na watoto wake. Siwaelezi kwa nini. Miguu imevimba, na upande wa chini wa barabara sijauanza.